Shofere Hawezi Kuwa Mzigo

Wiki iliyopita mpwa wangu Trésor alikuja kula bukari, yaani ugali, kwangu. Ana ndevu, ana kiti kinachozunguka, na anaitwa mhandisi wa seva katika kampuni moja ya hapa Lubumbashi. Alipokuwa akisubiri samaki alifungua mashine yake mapajani, nami nikachungulia. Mistari myekundu ilikuwa ikipanda kwenye kioo bila kupumzika. Nikamwuliza seva inalia nini.

Akajibu bila kuinua kichwa, "Tantine, haiko kitu. Inafanyaka vile kila siku."

Niliondoa sahani yake mezani. Nilimwambia atakula akishanieleza mstari mmoja tu kati ya ile yote, aniambie umeandikwa kwa ajili ya nani. Hakuweza. Samaki alikuwa anapoa, nikamwonea huruma samaki, nikairudisha sahani. Lakini sikulala vizuri, na ndiyo maana nawaandikia ninyi nyote mnaokaa kwenye viti vinavyozunguka.

Mimi ni Odette. Kwa miaka ishirini na mitatu niliandika programu katika nyumba moja ya biashara ya jumla na usafirishaji, upande wa Naviundu. Mwenye nyumba alikuwa Patron Kambale, mtu wa Kivu ya Kaskazini, Mkristo wa kusali kabla ya kufungua lango na wa kugomba baada ya kulifungua. Malori yake yalipeleka chumvi, sabuni na mabati hadi Pweto, yakarudi na samaki wakavu. Seva yetu ilikuwa sanduku moja chini ya meza yangu, nililolifunika kitenge ili vumbi lisiingie. Ilihudumia vioo vitatu: kimoja kaunta, kimoja langoni, kimoja ofisini kwa Patron.

Kwa wale ambao hawajaanza kazi, nieleze kidogo. Programu ikikutana na jambo isiloliweza, inatupa exception, yaani inaacha iliyokuwa ikifanya na kupaza sauti. Anayeiandika ndiye anayechagua sauti hiyo iwe ya kiasi gani. Sauti ni tano. DEBUG ni kunong'ona peke yako, INFO ni kusimulia, WARN ni kuonya, ERROR ni kusema jambo limeharibika, FATAL ni kilio cha msiba. Kuchagua kati ya hizo kunaonekana kazi ndogo, tena ya kumalizia siku. Mimi nimeikosea pande zote mbili, na upande wa pili nusura nimvunjie mwanamke nyumba yake.

Nianze na upande wa kelele, kwa sababu ndio unaochekesha bila kuniumiza.

Ilikuwa miaka ambayo nchi ilikuwa inabomoka mikononi mwetu. Makampuni makubwa yalikuwa yamelala, umeme ulikuja ulipotaka, vita vilikuwa kaskazini na kila wiki vilisogea. Mimi nilikuwa kijana, ninajua mambo mengi, na nilitaka kila mtu ajue kwamba programu yangu haifichi kitu. Kwa hiyo kila exception niliipa FATAL. Mtu akikosea kuandika namba ya lori, FATAL. Akiacha nafasi tupu, FATAL. Na kila FATAL ilipigwa kwenye printa ya karatasi ndefu zenye matundu pembeni, iliyokuwa nje ya mlango wa Patron, pamoja na kengele.

FATAL ya kwanza Patron Kambale alitoka mbio na kiatu kimoja mguuni. Alikuta mtu wa kaunta ameandika herufi O mahali pa sifuri. Aliniangalia, akaangalia mguu wake, akarudi ndani. FATAL ya pili alitoka akitembea. Kufikia Ijumaa hakuna aliyegeuza hata shingo, na printa ililia siku nzima kama mtoto aliyezoeleka. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe hilo nililiunda mwenyewe.

Karatasi zikawa nyingi mno. Mlinzi alizichukua kifungu kwa kifungu na kumpa mama aliyeuza mikate langoni, ile mikate ya kukaanga kwa mafuta, naye akafungia humo. Sasa, asubuhi moja nimenunua mikate miwili, ninakula nikiwa nimesimama, na chini ya mafuta ninasoma mwandiko wa mashine yangu: FATAL, diski haijibu, imejaribu mara tatu. Ilikuwa ya siku nne nyuma. Diski yetu ilikuwa inakufa tangu Jumatatu na nilipata habari Ijumaa kutoka kwenye karatasi ya mkate. Nilikimbia ndani nikiwa na mkate mdomoni, nikanakili kila kilichonakilika, na mchana ule ule diski ikazima moja kwa moja. Namshukuru Mungu kwamba siku ile nilikuwa na njaa.

Hapo ndipo Patron aliponiletea Papa Mukalayi. Alisema ananiletea msaidizi, na wote watatu tulijua nani atamsaidia nani.

Papa Mukalayi alikuwa mtu mfupi, mwenye tai kila siku hata Oktoba ya joto kali, na mfuko wa karanga ambao hakumgawia mtu. Alikuwa mtoto wa familia ya Kikatoliki ya kaskazini ya Katanga, baba yake alikuwa wa reli, na yeye alianza kazi mgodini Kipushi katika chumba cha taa. Baadaye alipelekwa kwenye mashine za kwanza za hesabu, zile za kadi zenye matundu, na huko alikaa mpaka kazi ikaisha. Lakini ukimwuliza kazi yake hakutaja mashine. Alisema, "Mi ni muntu wa taa."

Chumba cha taa, wadogo zangu, kilifanya kazi hivi. Kila mchimbaji akishuka anachukua taa na kuacha jetoni, kipande cha chuma chenye namba yake, kwenye msumari. Akipanda anarudisha taa na kuchukua jetoni. Mwisho wa zamu mtu wa taa anaangalia ubao. Jetoni moja ikibaki, kuna mtu chini. Huulizi ni mtu gani, mkubwa au mdogo, mlevi au shemasi. Huendi nyumbani mpaka msumari uwe mtupu.

Siku yake ya kwanza alisoma programu yangu kwa saa nne akitafuna karanga. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelitumia maisha yangu yote. Aliweka kidole kwenye FATAL moja na kusema, "Hii ikilia, nani atainuka kitini?"

Nikasema sijui. Akasogeza kidole kwenye inayofuata, akauliza tena. Tulipita ukurasa baada ya ukurasa namna hiyo. Kama hakuna wa kusimama, ni INFO, ama usiandike kabisa. Kama mtu atasimama kesho, ni WARN. Kama mtu fulani atasimama sasa hivi, na unamjua kwa jina, ni ERROR. Kama wote watasimama, pamoja na Patron na kiatu chake kimoja, hapo tu ndipo FATAL. Na mtu wa kaunta akikosea kuandika, huyo ndiye wa kuambiwa, palepale kwenye kioo chake, kwa adabu. Kosa la mtu wa kaunta halihitaji kengele ya mji mzima.

Tena alinikamata na uchafu mwingine ambao Trésor anao mpaka leo, nimeuona. Exception moja ilitupwa chini kwenye diski. Pale chini nikaiandika ERROR, nikaitupa juu. Katikati nikaipokea, nikaandika ERROR, nikaitupa juu. Mlangoni nikaipokea, nikaandika ERROR. Papa Mukalayi akaniambia kwamba nimelia jikoni, nimelia sebuleni, nimelia barabarani, na jirani atakuja na viti vya misiba mitatu. Anayelia awe mmoja: yule anayejua la kufanya. Wengine wapitishe habari na kunyamaza.

Nilitii. Nilirekebisha yote kwa wiki mbili. Kengele ikanyamaza, mama wa mikate akalalamika kwamba karatasi zimekwisha, Patron akaanza kunisalimia. Na sifa zikanipanda kichwani, nikavuka barabara nzima hadi kwenye mtaro wa upande wa pili.

Mnajua sisi tulivyolelewa. Kwetu msiba hautupiwi mtu usoni. Mtu akifa Likasi, hawakuambii amekufa. Wanakuambia uje, hajisikii vizuri. Ukifika kituoni wanakuambia amezidiwa. Wanakukalisha, wanakupa maji, ndipo unaambiwa, na wakati huo umeshajua tangu nyumbani kwako. Baba yangu alikuwa fundi wa kupeleka habari hizo. Alitumwa na ukoo mzima kwa sababu ya sauti yake laini. Mimi ni mtoto wake. Baada ya Patron kunisifu kwa utulivu, nikaanza kulainisha. ERROR hii, jamani, si tuseme WARN kwanza? WARN hii itamsumbua Patron bure, iwe INFO. Hadi mashine ikawa na adabu za baba yangu.

Moja ya nilizozilainisha ndiyo hadithi yenyewe.

Zamani mtu wa kaunta aliandika jina la shofere, yaani dereva, kwenye mstari wa mzigo. Lori likaenda Kasenga na karatasi inayosema limebeba sabuni, chumvi, na Mwepu Kalenga vipande viwili. Mwepu ndiye aliyekuwa akiendesha. Mizani ya barabarani ilimshikilia nusu siku ikitaka kuona kipande cha pili. Kwa hiyo niliweka kizuizi: jina lililomo kwenye orodha ya mashofere likionekana kwenye mizigo, programu ilikatae na kutupa exception. Baadaye nikatengeneza kioo cha kaunta vizuri, jina la shofere lisiweze hata kuchaguliwa pale. Basi exception ile haikuwa na njia ya kutokea tena. Nikaishusha hadi DEBUG, na mbele yake nikaandika neno moja kwa kujivuna: Haiwezekani.

DEBUG haikupigwa kwenye printa. Iliandikwa tu ndani ya diski, kwenye faili tunayoiita logi, ambayo hakuna aliyeisoma, na ambayo niliifuta kila Jumatatu ya pili ili kupata nafasi.

Kisha vita vikafika upande wa Pweto.

Mwepu alikuwa huko na lori. Mke wake Béa ndiye aliyekuwa kaunta yetu wakati huo, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusoma misale kanisani, na mwepesi wa kucheka. Watu wa Pweto walikimbia kwa mitumbwi na kwa miguu, wakazunguka kupitia Zambia, wakavuka tena mto na kutokea Kasenga, ambako tulikuwa na depo. Njia ya malori ilifungwa. Fonie, zile redio zetu za kuitana mji kwa mji, zilikatazwa kwa amri. Kilichokuwa kinapita ni watu wa baiskeli, na wao walibeba samaki, barua, na disketi zetu ndani ya mifuko ya plastiki.

Patron Kambale alifanya jambo ambalo nitamheshimu nalo mpaka kaburini. Aliagiza mtu wa depo ya Kasenga aandike kila anayefika, atutumie majina kwenye disketi, na sisi tupige orodha na kuisoma langoni. Hapakuwa na muda wa kuandika programu mpya. Tulitumia ile ile ya mizigo. Watu waliingia mahali pa sabuni, na kwa kuwa programu ilikataa mzigo usio na uzito, kila mtu aliandikwa kilo 60, mtoto anayenyonya na bibi kizee sawasawa. Katekista mmoja mnene, alipokuja kuiona karatasi baadaye, aliomba aipeleke kwa mke wake kama ushahidi kwamba amepungua.

Kila asubuhi umati ulijaa langoni, na Béa ndiye aliyesoma. Alisoma polepole, jina kwa jina, na kila jina lilipopata mwenyewe mtu mmoja alianguka kwa furaha upande huu au ule. Kisha alikunja karatasi na kurudi kaunta. Jina la Mwepu halikuwamo. Siku ya pili halikuwamo, siku ya tano halikuwamo. Kucheka kwake kulikwisha kidogo kidogo, na hatukusema kitu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Ukoo wa Mwepu ulianza kufika nyumbani kwake. Hakuna aliyetamka kifo. Walisema Mwepu amechoka na safari. Mzee Fidèle, mjomba wake, alikuja kumfariji Béa na akapima kitanda kwa mkono wake. Alitoa koti la harusi la Mwepu sandukuni ili lipate hewa, na akaona hewa inaingia vizuri zaidi akilivaa. Wakapanga kwamba Jumapili wataketi matanga. Baada ya matanga, kwa desturi yao, vitu vya marehemu vinarudi kwa ndugu zake, na mjane anarudi kwa ndugu zake, na watoto wanne wangegawanywa kama ukoo utakavyoona. Béa alinieleza hayo kaunta bila kulia, huku akipanga kalamu. Alisema, "Mi sijali kitanda. Watoto, Odette."

Papa Mukalayi hakuwapo siku hizo zote. Malaria ilikuwa imemlaza. Alirudi Jumamosi asubuhi, amekonda, tai imemzidi shingo, na kabla ya kukaa aliomba daftari la lebo.

Daftari hilo lilikuwa ukaidi wake mwingine. Alimlazimisha mtu wa Kasenga kuandika kwa kalamu, kwenye lebo ya kila disketi, idadi ya mistari iliyomo. Disketi zilikuwa chache, kwa hiyo tukishazisoma tulizifuta na kuzirudisha na baiskeli, lakini lebo nilipaswa kuibandua na kuibandika daftarini. Wakati anaumwa nilizibandika zote kwa utiifu. Sikuzisoma.

Alizisoma yeye, kidole kwenye lebo, kidole kwenye orodha. Kwenye ya nne kidole kikasimama. Lebo ilisema 41. Orodha tuliyopiga ilikuwa na majina 40.

Nikamwambia ni mstari mtupu mwishoni, watu wa Kasenga hubonyeza mara mbili. Nilikuwa nimechoka, na lango lilikuwa limejaa watu wanaosubiri.

"Jetoni moja iko ku musumari," akasema.

"Papa, ni mustari ya bule."

"Unaiona wapi, hiyo bule? Nionyeshe."

Hakukaa, hakufungua karanga. Nikafungua logi ili kumnyamazisha tu. Ilibidi nirudi nyuma siku tisa, kupita manong'ono yote ya mashine, mpaka nikafika kwenye ile disketi. Mistari arobaini ilikuwa imeingia salama. Kati ya wa kumi na saba na wa kumi na tisa palikuwa na mnong'ono mmoja:

DEBUG. Haiwezekani: shofere hawezi kuwa mzigo. Mwepu Kalenga, kilo 60.

Disketi ya Kasenga haikupitia kioo changu cha kaunta, na kizuizi kilimtupa shofere nje ya orodha. Siku tisa mtu yule alikuwa chini ya meza yangu, ndani ya sanduku, chini ya kitenge changu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga mdomo. Jumatatu ingekuwa zamu ya kufuta. Papa Mukalayi aliusoma mstari mara mbili na hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Nikatoka kumwambia Béa. Alikuwa kaunta, orodha ya siku mkononi, amejiandaa kwenda langoni. Na hapa, wadogo zangu, ndipo mjue kwamba mtu hafunzwi kwa siku moja. Niliogopa kumshtua, nikachukua sauti ya baba yangu. Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Béa, dada yangu, kaa kwanza. Usiogope. Kuko habari kidogo ya Mwepu."

Béa aliniangalia usoni. Aliketi sakafuni na kupiga ukelele ambao nausikia hata sasa ninapoandika. Wanawake wa langoni waliupokea bila kuuliza. Mama wa mikate alijifunga kitambaa kiunoni. Patron Kambale alitoka na viatu vyote viwili, akavua kofia, akaanza kumwombea marehemu kwa sauti kubwa. Mzee Fidèle, aliyekuwa amekuja kumsindikiza Béa, alianguka chini kulia, akiwa amekwisha kulivua koti na kulikunja vizuri. Mimi nilikuwa katikati nikisema hapana, hapana, na kila nilivyosema kwa upole ndivyo walivyozidi kuamini. Katika maisha yangu sijapata kuona habari njema ikiua namna ile.

Papa Mukalayi alikuja mlangoni. Alikuwa na homa bado. Hakumshika mtu mkono. Alipaza ile sauti waliyokuwa wakipaza kwenye shimo la mgodi.

"Béa. Mwepu iko Kasenga. Iko muzima. Simama."

Na Béa akasimama.

Njia ilifunguliwa baada ya muda, na Mwepu alikuja juu ya lori la kwanza, mguu umefungwa kitambaa. Aliliacha lori lake Pweto kando ya ziwa, akatembea, akaumia, na sehemu ya mwisho mtu wa baiskeli alimleta Kasenga juu ya magunia ya samaki. Tulimwuliza kwa nini hakutuma neno la mdomo kwa watu wale wale wa baiskeli. Alishangaa. Alisema aliona kwa macho yake jina lake likiandikwa, akajua mke wake ameshapata habari, akakaa raha mustarehe anakula samaki na kuponyesha mguu. Tena alinisifu. Alisema kompyuta ya Odette haiwezi kusahau mtu.

Kisha akaomba kuuona ule mstari. Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akashika meza. "Lakini nilikuwa muzigo kabisa," akasema, "na kilo 60 njo uzito ya mukono yangu tu." Mzee Fidèle alirudisha koti, limepigwa pasi, na akasema lilikuwa limepata hewa ya kutosha.

Béa hakucheka. Aliniuliza neno la mbele, DEBUG, maana yake ni nini. Ningeweza kumdanganya, lakini nilimwambia ukweli: maana yake ni jambo ambalo mtu hahitaji kulisikia.

Alifikiri kidogo. "Siku tisa nilisomea bantu majina yabo," akasema. "Ya kwangu ulikuwa naye mu sanduku."

Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi niliumbuliwa na kilio cha mtu mwingine, ambayo ni aibu kubwa zaidi. Wadogo zangu, mashine haijui jambo gani ni dogo. Mstari ule kwa mashine haukuwa hata kikohozi. Diski ilikuwa nzima, orodha ilitoka, watu arobaini walifurahi. Ukipima ubaya kwa maumivu ya mashine utakuwa sahihi na utakuwa umekosa. Na popote mnapojisikia kuandika kwamba jambo haliwezekani, hapo msinong'one. Likitokea, mjue ninyi ndio mliokosea, na kuna mtu anasubiri.

Nikavuta kiti, nikamwomba Béa akae karibu yangu mbele ya kioo. Nikamwambia mstari ni wake, achague yeye. Nilimtajia sauti zote tano na maana zake, kama nilivyowatajia ninyi. FATAL aliikataa, kwa sababu Mwepu hakufa. Alichukua ERROR, akataka na kengele. Kisha akanisomea maneno kwa ile sauti yake ya misale, nami nikayaandika kama alivyoyasema, na sikuyalainisha hata moja. Yalikaa humo mpaka mwaka tulipoizima ile seva:

ERROR. Shofere ameonekana mu mizigo. Iko muzima. Muite muke yake.